UCHAMBUZI: Nambari pekee haimwambii msikilizaji ni nani anayesema redioni

HUKU taifa likielekea Uchaguzi Mkuu uliopangwa kufanyika Agosti 2027, mjadala kuhusu redio umejikita katika yale yanayosemwa hewani: uchochezi, lugha chafu, matangazo ya kamari na ya waganga. Swali linalotangulia hayo yote halijapewa uzito unaostahili, nalo ni iwapo msikilizaji anaweza kutambua ni nani hasa anayezungumza naye.

Swali hilo huenda likaonekana la kitoto. Redio ni redio. Mtu huifungua, akatafuta stesheni aipendayo, akasikiliza. Lakini vifaa vyenyewe vikichunguzwa, hubainika kwamba Wakenya wengi husikiliza sauti ambazo redio zao haziwezi kuzitaja kwa jina, na pengine huzitaja kwa nambari isiyo yao.

Mtaa wa Spring Valley, magharibi mwa Nairobi, unatosha kuwa mfano. Umekalia miinuko na mabonde baina ya Westlands na Kabete, ukipitiwa na barabara za Lower Kabete na Peponi. Ni makao ya mabalozi, wafanyabiashara na maafisa wa mashirika ya kimataifa, lakini pia ni mahali pa kazi pa mabawabu, watunza bustani, mayaya na madereva wanaofika alfajiri kutoka Kangemi, Kawangware na Wangige.

Asubuhi, stesheni moja, tuseme Capital FM, inaweza kusikika hapo katika redio za namna tatu. Gari lililoagizwa kutoka Uingereza huwa na kiwambo kinachoweza kuandika jina la stesheni. Gari dogo lililotumika Japan, linalopanda mlima huo huo, huenda likaonyesha 80.4, nambari ambayo haimo kabisa katika mkanda wa FM wa Kenya. Redio ndogo ya bawabu, iliyotundikwa langoni, haina kiwambo. Ina sindano nyekundu na nambari zilizofifia kwa kushikwashikwa.

Sauti ni moja, ila utambulisho ni wa aina tatu. Na tofauti hiyo si suala la anasa tu. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 56.9 ya familia nchini zilikuwa na redio inayofanya kazi, ikilinganishwa na asilimia 40.7 zilizokuwa na runinga. Redio ingali chombo ambacho habari njema na mbaya hukimbilia kwanza.

Nambari yageuka jina

Kabla ya 1996, suala la kutambua stesheni halikuwa na uzito. Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, ambalo awali lilijulikana kama Sauti ya Kenya, ndilo lililomiliki hewa. Msikilizaji alichagua baina ya idhaa za shirika moja, na sauti ya mtangazaji ilitosha kuwa kitambulisho.

Mnamo 1996 Capital FM ilianza kurusha matangazo katika 98.4, ikawa stesheni ya kwanza ya kibinafsi ya FM nchini. Mwaka wa 2000 zikaja Kiss FM katika 100.3 na Kameme FM katika 101.1. Nyingine zikafuata kwa kasi, hadi mkanda wa FM jijini ukasongamana kama matatu za jioni.

Wamiliki walielewa mapema kwamba redio nyingi za wateja wao hazikuwa na njia ya kuonyesha jina. Kilichoonekana ni nambari. Hivyo nambari ikaingizwa katika jina lenyewe: Kiss 100, Classic 105, Hot 96. Ikaimbwa katika vibwagizo na kuandikwa kwenye mabango. Mtoto wa Nairobi alijua 98.4 kabla ya kujua nambari ya simu ya nyumbani kwao.

Ulikuwa uamuzi wa busara kibiashara, lakini ulijengwa juu ya msingi usio imara. Nambari ya masafa si jina la stesheni. Ni anwani ya mtambo mmoja katika eneo moja. Chini ya Mpango wa Geneva wa 1984, unaoongoza ugavi wa masafa ya FM Afrika, Ulaya na sehemu ya Asia, mkanda wa megahezi 87.5 hadi 108 hugawanywa ili mitambo iliyo karibu isiingiliane. Stesheni inayotaka kusikika Nairobi, Nakuru na Mombasa kwa hiyo hupewa nambari tofauti katika kila mji.

Matokeo yake ni kwamba jina lenye nambari huwa kweli mjini mwake pekee. Msafiri anayetoka Nairobi kuelekea pwani hupoteza stesheni yake njiani, na nambari aliyoikariri tangu utotoni haimsaidii. Lazima aanze upya kutafuta, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani.

Hata ndani ya jiji, nambari moja si lazima iwe stesheni moja. Stesheni za kijamii zenye nguvu ndogo, zikiwemo Koch FM ya Korogocho na Pamoja FM ya Kibera, zilipewa nambari ile ile ya 99.9. Mpangilio huo una mantiki, kwani kila moja inakusudiwa kusikika mtaani mwake. Lakini mtu akiacha redio yake katika 99.9 na kuvuka jiji, atahama kutoka stesheni moja hadi nyingine bila nambari kwenye kiwambo kubadilika hata chembe. FM ina tabia ya kushika wimbi lenye nguvu zaidi na kulizima lile dhaifu; hubadilisha msemaji bila kubisha hodi.

Kisanduku kinachopunguza

Utata huu huongezeka maradufu katika magari. Kenya huagiza magari mengi yaliyotumika kutoka Japan, na kanuni ya KS 1515:2000 ya Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini, KEBS, huzuia yaliyozidi umri wa miaka minane. Kila mwaka, basi, kundi jipya la redio za Kijapani huingia katika barabara za Kenya likiwa limeundwa kwa ajili ya taifa jingine.

Kwa miongo mingi mkanda wa FM wa Japan ulikuwa kati ya megahezi 76 na 90. Baada ya runinga ya analogi kuzimwa huko, uliongezwa hadi 95 katika miaka ya 2010. Hata nyongeza hiyo haiwezi kufika 98.4, sembuse 106.7 ya Radio Citizen jijini Nairobi.

Mafundi wa Luthuli Avenue na mitaa mingine ya jiji wana dawa yake. Ni kisanduku kidogo kinachofungwa baina ya antena na redio. Kazi yake ni hesabu ya darasa la kwanza: hupokea mawimbi yote na kuyashusha kwa kiasi kimoja, labda megahezi 10, labda 18, kulingana na kisanduku kilichonunuliwa.

Kisanduku cha 10 hugeuza 98.4 kuwa 88.4. Ghetto Radio ya 89.5 hushuka hadi 79.5. Lakini Radio Citizen hushuka hadi 96.7, ambayo ingali nje ya redio inayokomea 90 au hata 95. Kisanduku cha 18 huileta Radio Citizen katika 88.7 na Classic 105 katika 87.2, kwa upande mwingine, Ghetto Radio hutumbukia katika 71.5, chini ya mwanzo wa mkanda. Mwenye gari huchagua ni nusu gani ya jiji aisikie, mara nyingi bila kujua kwamba amechagua.

Na kwa kila anachosikia, nambari iliyo mbele yake ni ya uongo. Stesheni ikimhimiza abaki katika 100.3, redio yake inasoma 82.3. Dereva hulazimika kuwa na kamusi kichwani.

Redio hizo pia haziwezi kumwokoa kwa kutaja jina. Japan ilichukua njia yake katika kupeleka habari za barabara kwa madereva, ikaanzisha mfumo wa VICS mwaka wa 1996, badala ya kufuata mfumo wa Ulaya unaobeba majina ya stesheni. Baadhi ya redio hizo zina majina ya stesheni za Japan yaliyohifadhiwa tangu kiwandani, yameandikwa Kijapani, yasiyo na maana yoyote katika barabara ya Lower Kabete.

Kutafuta gizani

Redio ya kisasa inapoagizwa kutafuta stesheni, hupanda ngazi moja baada ya nyingine, kwa kawaida megahezi 0.1 kwa kila hatua. Katika kila ngazi hupima nguvu ya wimbi na usafi wake. Likipita kiwango kilichowekwa kiwandani, redio husimama. Lisipopita, huendelea. Haijui imepata nini. Inajua tu kwamba imepata kitu.

Kiwango hicho ndicho kinachowaadhibu wakazi wa mabonde. Mawimbi ya FM husafiri karibu katika mstari ulionyooka. Mitambo inayohudumia jiji huwekwa mahali palipoinuka, kama vile Limuru, na mgongo wa mlima ukisimama kati ya mtambo na nyumba, wimbi hufika likiwa limedhoofika, au likiwa limegonga majengo marefu ya Westlands na kurudi vipande vipande. Redio hulipima, hulidharau na kulipita. Nusu kilomita juu ya mlima, redio ya aina ile ile husimama hapo hapo.

Aidha, msongamano wa mkanda haumpi mtafutaji nafasi ya kupumua. Idhaa ya Kiingereza ya KBC iko katika 95.6 na Hot 96 katika 96.0, tofauti ya hatua nne tu. Mkanda mzima, ukigawanywa kwa mwendo huo, hauwezi kubeba zaidi ya stesheni hamsini hivi katika eneo moja. Haishangazi kwamba Mamlaka ya Mawasiliano Kenya, CA, imesema mara kadhaa kuwa masafa ya FM katika miji mikubwa kama Nairobi yamekwisha.

Simu za kabambe nazo zilirithi udhaifu huo. Waya wa visikizi vya masikioni ndio antena yake, na utafutaji wa moja kwa moja huleta orodha ya nambari tupu ambayo mwenye simu hulazimika kuiandikia majina mwenyewe, moja baada ya nyingine. Akihamia mji mwingine, majina yake yote yanakuwa ya uongo. Simu nyingi za bei ghali, kwa upande wake, hazina redio ya FM kabisa. Mwenye nazo husikiliza kupitia intaneti, ambako jina la stesheni huonekana vizuri mradi bando halijakwisha.

Mfumo wenye zaidi ya miaka 40

Suluhisho la kiufundi lilikwisha kupatikana kitambo. Mwaka ule ule wa 1984 ambapo Mpango wa Geneva uliafikiwa, Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, EBU, ulichapisha maelezo ya mfumo unaojulikana kama RDS. BBC iliuanzisha Uingereza mwaka wa 1987, na mwaka huo huo redio za kwanza za gari zenye uwezo wa kuusoma zikaingia sokoni. Baadaye ukawa kanuni ya kimataifa.

RDS huongeza mkondo mwembamba wa data katika wimbi lile lile linalobeba muziki na habari. Mkondo huo hukaa katika kilohezi 57, mara tatu ya mlio wa kilohezi 19 unaoongoza sauti ya stirio, mahali ambapo sikio haliusikii. Hupitisha biti 1,187.5 kwa sekunde. Ni kasi ya konokono ikilinganishwa na intaneti, lakini yatosha kwa kazi iliyokusudiwa.

Kazi ya kwanza ni jina, lisilozidi herufi nane. KAMEME latosha bila shida, na CITIZEN pia. Radio Taifa italazimika kujifupisha. Redio hupokea herufi mbili mbili, na katika hali nzuri jina zima hukamilika ndani ya sekunde moja.

Kazi ya pili, ambayo msikilizaji haioni, ndiyo muhimu zaidi. Kila stesheni hutangaza msimbo wake wa utambulisho, wenye biti 16. Jina ni la kusomwa na binadamu. Msimbo ni wa kusomwa na mashine. Mitambo yote ya stesheni moja inayorusha kipindi kimoja hutumia msimbo mmoja, hata kama masafa ni tofauti.

Hapo ndipo kazi ya tatu inapowezekana. Mtambo hutangaza orodha ya masafa mengine yanayobeba kipindi kile kile. Gari linapotoka Nairobi kuelekea Nakuru na wimbi kuanza kufifia, redio hujaribu masafa yaliyo katika orodha, hukagua msimbo, na ukilingana huhama yenyewe. Dereva haguswi na lolote. Nambari hukoma kuwa mzigo wake.

Yapo mengine: ujumbe wa maandishi wa hadi herufi 64 kwa ajili ya jina la wimbo au la mtangazaji, saa ambayo hujirekebisha kila dakika, alama ya taarifa za barabara, na namba za aina za vipindi kuanzia 0 hadi 31. Namba 31 imetengwa kwa jambo moja tu: tahadhari ya hatari.

Jina lageuzwa bango

Zipo stesheni zinazorusha RDS nchini. Lakini chombo kizuri katika mikono ya idara ya mauzo huwa na matumizi yake. Nafasi ya herufi nane, ambayo kanuni za mfumo huo zinasema ni ya jina pekee na lisilobadilika, katika mataifa mengi imegeuzwa kuwa bango linalotembea: jina la wimbo, nambari ya kupiga, tangazo la duka, vipande vinane vinane.

Madhara yake ni mawili. Kwanza, dereva huvutwa kusoma sentensi inayokatwakatwa mbele yake wakati macho yake yanahitajika barabarani. Pili, redio zinazohifadhi stesheni kwa majina hunasa kipande kilichokuwa kikipita wakati huo. Mwenye gari hufungua orodha na kukuta stesheni iitwayo PIGA SIM.

Stesheni inayofanya hivyo hujinyima faida ya mfumo mzima. Inatupa jina lake ili iuze herufi nane, ilhali nafasi ya herufi 64 kwa kazi hiyo hiyo imeachwa wazi pembeni.

Uzito wa jina

Wapo watakaouliza: kuna hasara gani mtu akisikiliza asichokijua jina? Historia ya Kenya ina jibu. Jumapili ya Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga waliotaka kupindua serikali waliteka kituo cha Sauti ya Kenya jijini Nairobi na kumlazimisha Leonard Mambo Mbotela kutangaza kwamba serikali imeanguka. Wakenya walimjua. Alikuwa sauti ya kipindi “Je, Huu ni Ungwana?” kilichoanza 1966, na aliendelea kuenziwa hadi alipofariki Februari 7, 2025.

Tukio hilo lina funzo lenye makali mawili. Sauti inayofahamika huaminiwa papo hapo. Na sauti hiyo hiyo inaweza kushikiwa bunduki. Utambulisho hauthibitishi ukweli wa kinachosemwa, lakini bila utambulisho hakuna hata pa kuanzia kuuliza.

Robo karne baadaye, stesheni zilikuwa nyingi. Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja Desemba 30, 2007, na baada ya ghasia zilizofuata, stesheni za lugha za mama zililaumiwa mbele ya tume ya Jaji Philip Waki. Mtangazaji Joshua arap Sang wa Kass FM alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kesi yake ilikomeshwa Aprili 2016 bila kupatikana na hatia. Katika mijadala ya aina hiyo, maswali ya nani alisema nini, lini na katika stesheni gani si ya kitaaluma tena. Ni ya kisheria, na sifa na uhuru wa watu hutegemea majibu yake.

Jamii ya kimataifa haikulipuuza jambo hili. Kifungu cha 19 cha Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, kinapiga marufuku urushaji wa mawimbi wenye utambulisho wa uongo au wa kupotosha. Msimbo wa RDS ungeweza kuwa sehemu ya utekelezaji wa kanuni hiyo: mkaguzi, au hata raia mwenye redio nzuri, angeona mara moja wimbi lisilo na msimbo uliosajiliwa. Ni kweli kwamba msimbo unaweza kughushiwa. Nambari za magari pia hughushiwa, na hakuna aliyependekeza ziondolewe.

Mafuriko hayasubiri

Maafa ndiyo mizani nyingine. Mvua za masika za 2024 ziliua zaidi ya watu 200 nchini, wengi wao wakisombwa usiku au alfajiri, na Nairobi yenyewe haikusazwa. Katika saa kama hizo umeme hukatika, mitambo ya simu huzimika na redio ya betri hubaki peke yake.

Idara ya Hali ya Hewa ilikwisha kuutambua uwezo huo kupitia mradi wa RANET, ulioanzisha stesheni ndogo katika maeneo ya hatari kama Kangema, kunakotokea maporomoko ya ardhi, na Budalangi, kunakofurika. Lakini stesheni yenye tahadhari haina faida kwa mtu asiyeweza kuipata, au aliyeipata bila kujua iwapo inayozungumza ni ya eneo lake au ya kaunti jirani.

RDS ingeweza kusaidia hapo kwa njia mbili: alama ya taarifa za barabara, ambayo hukatiza muziki wa kanda au wa simu na kumrudisha dereva katika stesheni, na namba 31 ya hatari. Zote mbili zipo ndani ya redio nyingi za magari kutoka Ulaya zinazopita Spring Valley kila siku. Zinangoja tu mtu wa kuzitumia.

Pingamizi zilizopo

Hoja dhidi ya mageuzi haya zina uzito wake. Ya kwanza ni kwamba FM yenyewe inazeeka. Norway ilizima FM ya stesheni zake za kitaifa mwaka wa 2017, na shirika la umma la Uswisi, SRG, likafanya hivyo mwishoni mwa 2024. Redio ya kidijitali huonyesha stesheni zote kwa majina, na nambari husahaulika kabisa.

Lakini Kenya ina kumbukumbu ya uhamisho wa runinga. Februari 2015, mzozo kuhusu mitambo ya kidijitali uliwaacha watazamaji kwa siku kadhaa bila stesheni tatu kubwa, na gharama ya kununua visanduku vipya ikamwangukia mwananchi. Redio ni nyingi kuliko runinga, na wengi walio nazo wana kipato kidogo zaidi. FM itaendelea kuwa nao kwa miaka mingi. Ni vyema itumike vizuri ingalipo.

Hoja ya pili ni kwamba kuhama kwa redio kutoka masafa hadi masafa hufaidi mitandao mikubwa yenye mitambo kila kaunti, huku stesheni ya kijamii yenye mtambo mmoja ikiachwa nyuma. Ni kweli kwa kazi hiyo moja. Kwa jina na msimbo, mambo ni kinyume. Stesheni kubwa hujulikana tayari kwa mabango yake. Ndogo, inayogawana 99.9 na wenzake, ndiyo inayohitaji zaidi kuandikwa kwa jina.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: RDS haimsaidii bawabu mwenye redio ya sindano, wala dereva wa gari la Kijapani. Kanuni itakayotungwa kwa kuwafikiria wenye viwambo pekee itapanua pengo lililopo.

Hatua zilizo karibu

Kwa sababu hiyo, dawa haina budi kuanza na kifaa cha kale kuliko vyote, yaani mdomo. Stesheni ikitaja jina lake na nambari yake ya eneo husika kila nusu saa, na kabla ya kila taarifa ya dharura, itamfikia kila msikilizaji bila kujali redio yake. Mtandao unaorusha kote nchini utaje jina kwanza, kwani nambari ya Nairobi haina maana Voi.

Pili, CA, yenye makao yake katika barabara ya Waiyaki Way, mwendo mfupi kutoka Spring Valley, ndiyo hutoa leseni na kuweka masharti yake. Inaweza kuhakikisha kwamba kila anayerusha RDS ana msimbo uliosajiliwa, kama Ofcom inavyogawa misimbo Uingereza. Kwamba jina halibadiliki. Na kwamba sajili ya stesheni, misimbo na masafa ya kila eneo inapatikana kwa umma.

Tatu, biashara ya visanduku vya magari ya Japan ihitaji uwazi. Kibandiko kimoja chenye maneno “ongeza 10” au “ongeza 18” kando ya redio kingemsaidia dereva kuliko hotuba yoyote. Anayenunua redio mpya kuchukua nafasi ya ile ya Kijapani naye aulize mambo mawili kabla ya kulipa: je, inafika 108, na je, inasoma RDS?

Hakuna hata moja kati ya hatua hizo inayohitaji masafa mapya, ambayo hata hivyo hayapo. Hazihitaji mwananchi anunue chochote asichokikusudia. Zinahitaji wamiliki wa stesheni wakubali kwamba jina ni haki ya msikilizaji kabla ya kuwa nafasi ya biashara, na mdhibiti akubali kwamba kujua aliyesema hutangulia kuchunguza alichosema.

Kampeni zitakaposhika kasi na kipaza sauti kuwa silaha ya kila upande, muda wa kulipanga jambo hili kwa utulivu utakuwa umepita. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu una upana wa herufi nane tu.